Sura ya baba kwenye kanvasi

Sura za watu wetu zikichapwa kwenye kanvasi bila mtu wa kuzisimamia, hutoka nyeusi zote sawa. Unaona shati jeupe, unaona meno, unaona weupe wa jicho, lakini shavu limeungana na shingo na paji la uso halina tofauti na nywele. Nimeingia nyumba nyingi hapa Lubumbashi, Kamalondo, Katuba, hata kule Golf kwa wenye uwezo, nikakuta picha kubwa ya familia juu ya sofa na huwezi kusema yupi ni mkubwa na yupi ni mdogo. Watu wamelipa dola zao, wamepokea mzigo, wamenyamaza, kwa sababu wanadhani kanvasi ndivyo ilivyo. Sivyo ilivyo. Nimeagiza picha za ukutani kwa ajili ya nyumba ya mama na kwa ajili ya nyumba yangu, na jambo ninalotaka kila mtu aende nalo kwa mchapaji ni hili: simamia uso kwanza. Ukubwa, fremu, bei, hayo yote yanazungumzika baadaye.

Mji huu umezoea kitambaa chenye picha ukutani. Miaka ya 1970 wachoraji wa hapa walikuwa wakichora kwenye magunia ya unga yaliyovutwa juu ya fremu za mbao nyembamba, na mfanyakazi akipata mshahara alinunua Mamba Muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki, au picha ya enzi za Wabelgiji yenye mfungwa anayechapwa viboko huku bendera ikipepea. Picha hizo zilikaa sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kuzikwepa, na wageni walizizungumzia. Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia ya nchi nzima kwa mtindo huo. Ndiyo maana naipenda kanvasi kuliko picha ya kioo. Haina mng'aro wa taa, ukikaa pembeni bado unaiona, na inapokaa ukutani inakuwa sehemu ya nyumba.

Ninachokataa ni kuupa ukuta picha za watu wengine. Madukani zipo kanvasi zilizochapwa tayari: mnara wa Paris, daraja la New York usiku, teksi za manjano kwenye mvua. Ni rahisi kuzipata, na anayezipenda ana haki yake. Lakini mtoto anayekulia chini ya picha huuliza maswali kila anapokua kidogo: huyu nani, hapa wapi, kwa nini amesimama hivi. Mimi nataka awepo mtu nyumbani wa kumjibu.

Picha tuliyoichagua mimi na mama ni ya baba, mwaka 1983, amevaa ovaroli ya bluu ya Gécamines, kampuni ya migodi ya shaba, kofia ngumu mkononi, amesimama mbele ya nyumba ya kambi. Ni ndogo, sentimita 9 kwa 13. Ni ya rangi, ila rangi yenyewe imegeuka: picha za karatasi za miaka ile hupoteza ule ubluu-kijani kwanza zikabaki na wekundu, hata ukizifungia kwenye bahasha gizani. Ovaroli ilikuwa imekaribia kuwa zambarau. Na uso wa baba ulikuwa kivuli kitupu.

Uso huo haukuharibiwa na miaka peke yake. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilikuwa ikipelekea maabara za picha kadi za kupimia rangi zenye mwanamke wa Kizungu. Wa kwanza alikuwa mfanyakazi wake aliyeitwa Shirley, na jina likabaki, kadi za Shirley. Fundi wa maabara alipanga mashine mpaka ngozi ya yule mwanamke itoke vizuri, kisha akasafisha picha za kila mtu kwa kipimo hichohicho. Baba zetu na mama zetu walipigwa picha katika studio zao wakiwa wamevaa nguo zao bora, na kipimo kilichowasubiri hakikuwa chao. Nilipolielewa hilo niliacha kusema "picha za zamani zilikuwa mbaya." Kumbe mara nyingi uso umo ndani ya karatasi, umefichama tu kwenye giza, na skana nzuri inaweza kuutoa.

Nasema skana, si simu. Ukipiga picha ya picha kwa simu unaleta mng'aro wa karatasi, unapindisha kingo, na kivuli cha mkono wako mwenyewe kinaingia. Niliomba iskaniwe kwa pikseli 600 kwa inchi, yaani nukta 600 za picha kwenye kila inchi, na faili isibanwe. Hesabu inayofuata ni nyepesi, na mtu akiijua hababaishwi dukani. Inchi moja ni sentimita 2.54, kwa hiyo upande wa sentimita 9 unatoa pikseli kama 2,100. Uzitandaze kwenye kanvasi yenye upana wa sentimita 60, zinabaki pikseli 90 kwa kila inchi. Kwa upana wa sentimita 40 zinabaki 135. Jarida huchapwa kwa 300, lakini jarida unalishika mkononi. Kanvasi unaiangalia ukiwa umbali wa mita mbili au tatu, na nyuzi za kitambaa chenyewe zinafunika kasoro ndogondogo, hivyo 150 inatosha kabisa na 100 inavumilika. Chini ya hapo uso unaanza kulegea.

Kijana wa mashine alitaka twende juu. "Mama, tutie mita moja, njo itajaza ukuta." Namwelewa, wanahesabu bei kwa mita ya mraba. Sikubishana naye. Nilimwomba akuze jicho la baba peke yake kwenye kompyuta mpaka lifikie ukubwa ambao lingekuwa nao kwenye kanvasi ya mita moja, akae nyuma kidogo, tuangalie wote wawili. Jicho lilikuwa limetawanyika vidotovidoto, hata mboni huipati. "Hapana mama, haiwezekani," akasema mwenyewe, na tukashuka hadi 40 kwa 60. Tangu hapo njia hiyo naitumia kwa kila picha. Mchapaji akiona kwa macho yake haoni tena kwamba unambania.

Kwa picha za simu za leo shida haiko kwenye kamera, iko njiani. Shemeji yangu alikuwa amepiga maporomoko ya Lofoi, kule Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu, maji yanayoanguka zaidi ya mita 300 kwa mstari mmoja mrefu mweupe. Ni picha iliyosimama, nyembamba, na nyumbani kwangu kuna ukuta mwembamba kati ya mlango wa jikoni na korido ambao ulikuwa ukiisubiri. Akanitumia kwa WhatsApp. Ikafika na pikseli 1,600 kwenye upande mrefu, kwa maana WhatsApp ikituma kwa hali ya kawaida hubana picha. Kwa kanvasi yenye urefu wa sentimita 80 hizo ni pikseli 50 tu kwa inchi. "Shemeji, naomba uitume tena kama hati, si kama picha." Ikaja na pikseli zake zote 4,032, na hapo tukawa na karibu 130 kwa inchi. Simu ileile, picha ileile.

Kuna jambo la kingo ambalo wachapaji wengi hawakuelezi mpaka kazi imeisha. Kanvasi ina mbavu. Fremu ya ndani ikiwa na unene wa sentimita 4, kitambaa lazima kizunguke hizo 4 kila upande na kibaki na kipande cha kupigwa pini kwa nyuma. Usipotoa maagizo, sehemu hiyo inachukuliwa kutoka kwenye picha yako. Baba alikuwa amesimama na viatu vyake karibu kabisa na ukingo wa chini. Kanvasi ingezungushwa hivyo, angekatwa kwenye vifundo vya miguu, na viatu vyake vingeangalia sakafu. Mchapaji anaweza kurudufu ukingo kama kioo, lakini kwa picha ya mtu sipendi, unapata viatu vinne. Tulichagua mbavu za rangi moja, kahawia iliyochukuliwa kwenye udongo wa uwanja wa ile nyumba ya kambi. Kama unapiga picha leo ukijua itaenda kwenye kanvasi, rudi nyuma hatua moja uache nafasi kuzunguka watu.

Sasa uso wenyewe.

Skrini inawaka, kanvasi haiwaki. Picha inayokupendeza kwenye simu, ukiichapa ilivyo, inashuka giza, na kitu cha kwanza kuzama ni ngozi yetu, kwa sababu tayari iko karibu na upande wa giza. Kanvasi isiyo na mng'aro inazidisha, maana weusi wake hauna kina. Dawa si kuongeza mwanga wa picha nzima. Ukifanya hivyo shati linaungua, anga linatoweka, na ngozi inakuwa kama imepakwa majivu. Kinachoinuliwa ni vivuli tu, zile sehemu za giza, taratibu, huku weupe ukiachwa ulipo. Programu yoyote ya kuhariri picha ina kitufe hicho, hata za bure kwenye simu.

Kiasi gani? Hapo hakuna anayeweza kukuambia bila kuchapa, kwa hiyo nililipia kipande cha kujaribia. Uso wa baba mara tatu kwenye kipande kimoja cha kanvasi, kwa ukubwa uleule utakaokuwa ukutani, mashine ileile, wino uleule. Wa kwanza tulirekebisha wekundu tu. Wa pili tuliinua vivuli kidogo. Wa tatu tuliinua zaidi. Kijana alishangaa kwamba nataka kulipia kipande ambacho sitakitundika, lakini bei yake ilikuwa ndogo sana mbele ya bei ya kanvasi nzima inayoishia nyuma ya kabati.

Kipande hicho hakiamuliwi dukani chini ya taa ndefu za dari. Nilikipeleka nyumbani kwa mama, tukangoja jioni, kwa sababu jioni ndipo watu wanakaa sebuleni. Mama alikishika mbali kidogo na macho yake. Kwenye uso wa kwanza hakusita. "Huyu haiko papa yenu." Wa tatu aliutazama kwa muda, akasema amekuwa mgonjwa, na kweli ngozi ilikuwa ya kijivu. Kisha akaweka kidole kwenye uso wa katikati, juu ya nyusi ya kushoto. "Kovu njo hii." Sisi watoto hatukuwahi kuliona kovu hilo kwenye ile picha ndogo. Lilikuwepo miaka yote, mstari mwembamba unaokata nyusi, na mama alilijua bila kuvaa miwani. Tukachapa kwa kipimo cha katikati.

Jioni hiyohiyo tuligundua kwamba balbu ya sebuleni nayo ina kauli. Ilikuwa ile nyeupe yenye ubluu, ambayo kwenye boksi huandikwa 6500K, na chini yake hata uso mzuri wa pili ulionekana umepauka. Tukaleta balbu ya chumbani, ya 3000K, yenye mwanga wa joto, na kahawia ya ngozi ikarudi. Balbu ni kitu cha bei ndogo. Mtu anayelipia kanvasi asiache kubadilisha balbu.

Kuhusu kitambaa chenyewe nina uchungu, na nitausema bila kutaja duka. Niliwahi kupokea kazi iliyoitwa kanvasi, kumbe ni plastiki ileile wanayochapia matangazo ya makanisa na ya kampeni, imevutwa kwenye fremu ikapendeza kwa mbali. Inang'aa ukiwasha taa, ina harufu, na pembeni inakunjika badala ya kulala. Kuitambua ni rahisi: geuza nyuma. Kanvasi ya kweli, iwe ya pamba au ya poliesta au mchanganyiko, nyuma yake unaona nyuzi zimefumana, na ukiipitisha kidole unazisikia. Duka lile lilirudia kazi baada ya mazungumzo marefu. Siku hizi naomba nipewe kipande kisicho na picha nikishike kabla ya kutoa malipo ya kwanza. Na uliza wino. Wino wa pigimenti, wenye chembe za rangi, unadumu kwenye mwanga kuliko ule unaoitwa "dye", ambao rangi yake imeyeyushwa, na kwenye nyumba zetu zenye vumbi jekundu la Mei hadi Oktoba ni vizuri juu yake pawe na vanishi, ili uweze kufuta kwa kitambaa laini kikavu bila kuondoka na rangi.

Picha ya Lofoi ilichapwa Afrika Kusini, kwa mkono wa ndugu anayesafiri, ikaingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kwa mzigo unaotoka mbali ushauri wangu ni mmoja: iagize ikiwa imeviringwa kwenye mrija, bila fremu. Kanvasi iliyokwisha kuvutwa inachukua nafasi kubwa kwenye gari, na kona moja ikigongwa fremu inapinda na kitambaa kinalegea. Waambie waiviringe upande wa picha ukiwa nje, usipate mikunjo, na waache angalau sentimita 5 tupu kila upande kwa ajili ya fundi.

Fundi seremala wa mtaani anaweza kuitengeneza fremu vizuri sana ukimweleza anachotengeneza. Wengi wanadhani ni fremu ya picha ya kioo. Mbao iwe nyepesi na kavu kabisa, maana mbao mbichi joto la Septemba na Oktoba likiikuta inajinyonga na picha inainuka kona moja kutoka ukutani. Upande wa mbele wa ubao uteremshwe kidogo kuelekea ndani, ili kitambaa kiguse ukingo wa nje peke yake. Fundi akiuacha bapa, baada ya miezi utaona mstari wa fremu umejichora juu ya picha. Kabla ya kupiga pini apime kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili, na vipimo viwe sawa. Kwa picha ndefu aongeze ubao wa kati. Na kwenye kona nne aache nafasi ya kabari ndogo, kwa kuwa mvua zikianza Novemba unyevu unabadilisha kitambaa, kanvasi inalegea tumboni, na kabari zikigongwa taratibu inakaza tena bila kung'oa pini hata moja. Fundi wangu aliipenda sana hiyo ya kabari. Sasa anawawekea wateja wengine.

Kutundika nitasema kwa kifupi. Wanaouza mapambo husema katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, na kwenye korido ni sawa. Juu ya sofa mimi napandisha zaidi, kwa sababu kwetu wageni wanaegemea, na mafuta ya nywele yakiingia kwenye nyuzi za kanvasi hayatoki. Upana uwe kama theluthi mbili za sofa, au picha mbili tatu zikae pamoja kufikia upana huo, ambalo ndilo tulilofanya kwa mama kwa kuwa baba wa sentimita 40 peke yake angepotea. Ukuta wa tofali unataka skrubu na plagi yake ya plastiki ya kuingiza kwenye tundu, si msumari. Na angalia madirisha: tuko kusini mwa ikweta, Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini na kuingia ndani kabisa kwa dirisha la upande huo. Ukuta unaopigwa na mwanga huo usipewe picha unayoipenda.

Mdogo wangu aliye Kolwezi ameomba naye awe na baba sebuleni kwake. Nimempelekea faili kama hati, lile la kipimo cha katikati, pamoja na lile ghafi la skana. Aliuliza kama anaweza kuchapa moja kwa moja kwa kuwa mama alishakubali. Nikamwambia hapana, mashine ya huko siyo yetu, wino siyo huu, na taa ya kwake mimi siijui. Achape kwanza kipande chenye sura tatu, akitazame usiku, na kabla ya kulipia chochote ampigie mama kwa video, amwonyeshe nyusi ya kushoto.